Jina halibebi kabichi

Mwenzangu, uko macho? Bado siamini.

Leo alfajiri kifuniko cha birika kinagongagonga, kitinda mimba wangu ananiambia, "Mama, leo nanunua pikapu." Pesa ni ileile ya kuezekea nyumba, na unajua tunavyovujiwa. Nikabeba gunia langu la kabichi, nikamfuata hadi yadi ya magari.

Muuzaji akatupeleka kwenye ile ya kampuni kubwa, bei mara mbili ya pikapu iliyoegeshwa kando yake. Eti viti vya ngozi. Nikamuuliza, "Kabichi zitakaa kwenye ngozi?" Akanijibu, "Bibi, hapa unalipia jina."

Jina, mwenzangu. Unalipia jina.

Mlinzi, Mungu ambariki, alikuwa amenipokea gunia getini. Nikamwambia mwanangu, "Haya baba, pakia." Ukingo wa ile ya jina ulimfika kidevuni, gunia likamrudia kifuani. Kwenye ile ya bei nafuu likaingia bila jasho, na muuzaji mwenyewe alikiri zote zinabeba uzito uleule.

Mwanangu akalipia ya nafuu. Kesho tunafuata mabati.

Tunatoka, mlinzi akasema, "Bibi, uje tena ututembelee, hata kama hununui kitu."