Kilio cha Mtu Aliye Hai

Iringa, Jumapili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo hapo Uyole? Mguu wako unaendeleaje na baridi hii? Baba naye mfikishie shikamoo yake, ingawa sijui kama ataitaka akishajua ninayoyaandika. Mimi mwili mzima. Moyo ndio una uchungu, na sitauficha.

Masomo ya uuguzi yanaendelea. Ulidhani hapa tunafundishwa kuwafunga wagonjwa wa akili kamba. Hapana, Mama, kamba nilizijua nyumbani. Hapa tunafundishwa kukaa karibu na mgonjwa, kumwita kwa jina lake na kumsikiliza hata maneno yake yakiwa hayana kichwa wala miguu. Na mwalimu wetu hachoki kutuambia: usimdanganye mgonjwa, maana siku akigundua hatakuamini tena, si wewe wala dawa yako.

Kaka Ambakisye huwa naenda kumwona jioni tu, kwa kuwa haturuhusiwi kumhudumia ndugu wa damu. Tangu Baba amlete hapa hospitalini amebadilika sana. Haongei tena na watu wasioonekana. Ananyoa ndevu, analima kabichi za hospitali, anabishana na wenzake juu ya mpira wa redioni. Daktari amesema anaweza kurudi nyumbani, dawa atazifuata Mbeya mjini. Inatakiwa tu mtu wa kwao aje ampokee. Niliwaandikia. Nikawaandikia tena. Kimya.

Wiki iliyopita Baba Mdogo alisimamisha lori lake hapa akielekea Dar es Salaam, akanipa ndizi ulizonitumia. Nikamuuliza mbona hamji kumchukua Kaka. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Mwanangu, marehemu anachukuliwaje?"

"Marehemu gani?"

"Kaka yako. Wakwe wa mdogo wako Atupele walikuja kuulizia ukoo. Si unawajua watu wetu, penye kichaa hawaoi. Baba yako akawaambia mkubwa wenu alifia migodini Zambia, wakamzika hukohuko."

Baba alidhani yameisha. Akasahau jambo ambalo hata mtoto mdogo wa kwetu analijua: ukimwambia mkwe wako umefiwa, lazima aje kulia nawe. Wakaja kweli, wanawake kwa wanaume, na unga na kuku, wameanza kilio tangu barabarani. Na wewe, Mama, Baba Mdogo anasema ulijifunga kanga kiunoni, ukatoka nje, ukalia kuwashinda wote, ukimtaja kwa jina.

Ulikuwa unamlilia nani? Nina hasira na wewe kuliko na Baba, maana Baba alisema uongo mara moja tu, wewe uliutolea machozi. Mmemzika mtu ambaye kila nikienda ananiuliza kama mguu wako umepona.

Kwa siku kadhaa nilimkwepa. Aliponibana nimwambie Baba anakuja lini, nikashindwa kumdanganya. Tulikaa pembeni ya tuta la kabichi nikamweleza yote. Akapukusa udongo mikononi.

"Mama alilia?"

"Alilia."

"Na Atu, anampenda huyo kijana?"

"Anampenda."

"Basi mimi siendi. Nikitokea pale niko hai, si watavunja uchumba? Mwacheni aolewe."

Nilimbishia. Nilimwambia nitampeleka mimi, tuingie uani mchana kweupe, Baba ajieleze mbele ya wakwe zake. Alikataa kabisa. Akili anayo sasa, na nimefundishwa kwamba akiwa nayo, uamuzi ni wake hata kama unanichoma. Kwa hiyo tulieni, haji. Huyo mliyemwonea aibu ndiye aliyewasitiri.

Nimempokea mimi. Wamempa kibarua palepale bustanini, na nimempangishia chumba karibu na bweni letu ili nimkumbushe vidonge vyake. Siku atakapokufa kweli nitawaarifu, kama mtakuwa bado na machozi.

Harusini msinitazamie. Atupele simlaumu, msalimie sana. Lakini mwambie amuulize mchumba wake watafanya nini iwapo mtoto wao ataugua. Nisalimie Bibi, na Shangazi wa Mbalizi, na Mjomba anayelima mpunga Chimala. Baba Mdogo mwambie ahsante, yeye peke yake aliona haya.

Kaka hakutuma salamu. Aliniomba hata jina lake nisiliandike, barua isije ikaangukia mikononi mwa wakwe. Mengine yote nimemkubalia, hilo nimelikataa. Anaitwa Ambakisye, Mama, ni mzaliwa wako wa kwanza, na jioni hii tumekula naye ugali.

Mimi binti yako,
Tusajigwe