Kaseti ya Mama na Umeme wa Nchelenge

Nchelenge, mwezi wa kumi na moja, 1999

Kwako Yaya Mwadi, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu kutoka huku ng'ambo ya mpaka, kwenye maji. Goti lako linasemaje siku hizi? Na shemeji, kile kikohozi kimemwachia? Sisi ni wazima, ila mke wangu Bana Chola anasumbuliwa na jino, na mimi nasumbuliwa na kichwa, si kwa ugonjwa, ni kwa mawazo. Mtoto Chola ameota meno mawili ya mbele na anauma kila kitu, hata kidole cha pasta alipokuja kumbariki.

Barua zako nimezipata, ile ndefu na ile fupi. Ile fupi ndiyo iliyonichoma. Umeandika mstari mmoja tu: "Ngoy, umemuona mama ama haujamuona?" Yaya, kaseti ya video ya mazishi ya mama ilikaa miezi mitatu juu ya kabati langu, nimeifunga kwa plastiki mara mbili. Najua mnavyosema huko Lubumbashi, kwamba mtoto wa mwisho hakuja kuzika, na sasa hata kuangalia hataki. Habari ya msiba ilinifikia mama akiwa na siku nne kaburini, hilo unalijua. Lakini hili la kaseti kaa chini nikueleze, maana mimi mwenyewe silielewi vizuri.

Mimi ni fundi wa injini za mitumbwi. Petroli naiona, na ikiwa na maji naijua kwa pua. Umeme nani ameuona? Wewe uliniandikia kwamba kaseti ni hiyo moja tu, mpiga video hakubaki na nakala. Neno hilo ndilo lililoniingiza hofu. Hapa asubuhi umeme una nguvu, jioni watu wote wakiwasha majiko picha inanywea, wachezaji wa mpira wanakuwa wembamba kama wametoka hospitali, na zile spika zangu kubwa zinakoroma. Ukikatika kabisa, deki yangu inatafuna mkanda. Imeshatafuna kaseti ya kwaya ya kanisa letu, na mpaka leo mama mmoja wa kwaya hanisalimii. Na wiki ile ile kaseti yako ilipofika, umeme ulikatika mchana, ukarudi kwa hasira, televisheni ya jirani ikatoa moshi.

Aliyenipa dawa ni yule yule aliyeniletea kaseti, Papa Muteba, mfanyabiashara wa kwetu. Aliangalia mashini zangu akatikisa kichwa.

"Fundi, injini ya watu unaiwekea filta, mashini yako mwenyewe unaiacha vile vile? Kuran ya huku haina akili, umeme gani huu. Leo iko mingi, kesho iko kidogo. Weka regilatere, utalala bien."

Regilatere ndiyo hiyo watu wa hapa wanaiita stabilaiza. Ni sanduku zito la chuma lenye sindano na taa mbili. Unalichomeka ukutani, halafu televisheni na deki unavichomeka kwenye sanduku. Umeme ukipungua linaupandisha, ukizidi linauzuia, ndivyo alivyosema. Nikalinunua. Bana Chola akalifumia kitambaa cha maua, maana unajua nyumba zetu, kila kitu cha heshima lazima kivae. Televisheni ina chake, deki ina chake, spika zina vyao. Stabilaiza nayo ikavaa mpaka chini.

Sikuweka kaseti ya mama kwanza. Nilijaribu na kaseti ya mahubiri. Jioni picha ikajaa vizuri, watu wakanenepa, nikafurahi kama mjinga. Mara sanduku likalia "tak!" Deki ikazimika. Nikawasha. Baada ya dakika kumi, "tak!" Ikazimika tena. Kumbe kila sanduku linapopandisha umeme, linaukata kidogo kwanza. Nikalitoa, nikachomeka ukutani moja kwa moja: picha nyembamba, lakini deki ikaenda mpaka mwisho. Sasa yaya, niambie wewe. Kinachonilinda ni kipi, na kinachonitesa ni kipi?

Watu husema kuuliza si ujinga, lakini mimi kila nilipouliza nilizidi kuwa mjinga. Nilikwenda kwa Tichala Mumba, anayefundisha sayansi hapa. Alieleza kwa Kibemba, mke wangu akanitafsiria kwa Kiswahili chetu cha sokoni, nusu ikadondoka njiani. Nilichoshika ni kwamba kuna kinga ya umeme unaopanda ghafla na kuna kinga ya umeme uliopungua, na hizo ni mbili tofauti, na sanduku langu linafaa zaidi friji ya samaki kuliko deki. Nikamuuliza, basi kinga nzuri kabisa ni ipi? Akasema ni kuchomoa waya ukutani. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani. Nikichomoa, mama nitamuangaliaje?

Nikaendelea hivyo, leo naliweka sanduku, kesho nalitoa, na kaseti juu ya kabati. Mwezi uliopita mvua za kwanza zikaja na radi. Umeme ukakatika, uliporudi sanduku likanuka, likafa. Televisheni nzima, deki nzima. Papa Muteba alikuwepo Nchelenge, akaja mbio.

"Unaona? Imekufa pahali ya tele yako! Bila ile, sasa ungekuwa unalia."

Tichala naye akapita, akainua kitambaa, akatuonyesha doa la kahawia lililoungua. Akasema sanduku lilikosa hewa, likajipika lenyewe siku nyingi, radi ilikuja kumaliza tu. Bana Chola akawaka.

"Awe, awe! Hapana! Kitambaa yangu iko naua mashini? Na tele ya jirani ilivala kitambaa ya nani?"

Mpaka leo sijui kama sanduku lile lilituokoa au tulilizika likiwa hai. Papa Muteba anataka kuniletea lingine. Tichala anasema nisinunue. Kichwa kinaniuma.

Aliyenikata maneno ni Mama Kalunga, yule mzee wa Pweto aliyekuwa akiuza samaki pamoja na mama. Alikuja na watu wetu tisa baada ya ibada Jumapili iliyopita, wakakaa chini kwenye mkeka bila kukaribishwa.

"Ngoy, mutoto yangu. Miye niko muzee. Kama unangojea kuran ipate akili, nitakufa mbele. Weka kaseti."

Nikaweka. Ilikuwa mchana, majiko mengi bado hayajawashwa, umeme una nguvu, nimechomeka ukutani moja kwa moja. Nilikaa karibu na ukuta nilinde. Yaya, picha ilikuwa safi. Nilimuona mama amelala katika kitenge chake cha bluu. Niliona jinsi ulivyokonda. Niliona sanduku la mama likishuka kaburini, na wewe ukainama ukachukua udongo, ukasema "Hii ni yangu." Halafu ukainama tena, na goti lako bovu, ukachukua wa pili. "Na hii ni ya Ngoy. Mama, usimukasirikie, eko mbali."

Pale pale vyote vikazimika. Watu wakapiga kelele, "Malaiti! Malaiti!", ndivyo umeme unavyoitwa hapa. Mama Kalunga akawalaani watu wa umeme mpaka na watoto wao.

Yaya, umeme haukukatika. Ni mimi. Nilinyoosha mkono nikazima swichi ya ukutani. Sikupanga, mkono ulikwenda wenyewe. Upande wa pili redio ya jirani, ile ya kuchomeka kwenye umeme, ilikuwa inaendelea kuongea. Bana Chola aliisikia. Akaniangalia mara moja, halafu akaanzisha wimbo wa msiba kwa sauti kubwa kuliko ile redio, na wote wakapokea, na kwa mara ya kwanza tangu mama afe nililia mbele ya watu.

Kaseti bado imo ndani ya deki. Nimefanya mwenyewe kile nilichokiogopa miezi mitatu, na sijathubutu kuwasha nione kama mkanda umetafunwa. Nikiwasha na ukawa mzima, itabidi niangalie udongo ukianguka. Ukiwa umetafunwa, nitakuwa nimemharibu mama mimi. Sijui naomba lipi. Hapa wote wanalaumu umeme, nimewaacha. Ukweli nimekuandikia wewe tu.

Nisalimie shemeji na kikohozi chake. Msalimie mama mdogo anayelala chumba cha mama, mwambie asihamishe kitanda. Wasalimie wapwa zangu, na yule baba wa jirani aliyechimba kaburi, ambaye hata jina lake sijalijua.

Asante kwa ule udongo, yaya.

Mdogo wako,
Ngoy