Orofa Niliyomwahidi Salma

Mombasa, Jumatano, 1949

Mvua ya masika imenyesha tangu alfajiri, na vichochoro vya Mji wa Kale vimejaa maji. Leo sikusomesha. Niliwaambia wanafunzi kwamba mafua yamenishika, na hayo hayakuwa kweli.

Sheria mpya ya nyumba za kupanga imeanza kutumika wiki hii. Tangu sasa mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji kwa neno lake tu. Lazima apeleke shauri mbele ya baraza, na baraza halikubali mpaka mpangaji awe amepata pahali pengine pa kukaa. Katika Mombasa ya leo, pahali pengine hapapatikani.

Orofa yangu ya juu amepanga Bwana Festo, karani wa bandarini Kilindini, mtu wa bara. Alikuja wakati wa vita, na sijapata kumwona na kosa. Orofa hiyo hiyo nilimwahidi binti yangu Salma siku alipoposwa. Kwetu mume humfuata mke kwa wazee wake, na baba ndiye atoaye nyumba.

Sheria haikutujia ghafla. Tuliisikia mapema, na baada ya sala ya alasiri wenye nyumba tulikuwa tukishauriana namna ya kujiandaa. Wengine walisema tuandikiane mikataba na wapangaji. Wengine walisema tuwatoe kabla ya sheria kuanza. Jirani yangu Bwana Omari, mwenye nyumba mbili Makadara, hakungoja shauri la mtu. Aliwatoa wapangaji wake wiki ile ile.

Mimi nilingoja. Mke wa Bwana Festo alikuwa amejifungua, na kwetu mzazi haambiwi habari za kuhama mpaka atimize arobaini. Wao ni Wakristo na arobaini hawaifuati kama sisi, lakini nyumba ni yangu na ada yake ni yangu. Nikasema nitazungumza na mumewe, mama atakapotoka arobaini.

Sheria ikatangulia.

Asubuhi hii nilimngojea chini ya ngazi nikamweleza. Alivua kofia, akanisikiliza mpaka mwisho.

“Maalim, sibishi kwamba nyumba ni yako,” akasema. “Nimetafuta Tononoka nzima. Watu wanalala kwa zamu. Nikitoka hapa, yule mama na kitoto chake nitawaweka wapi? Kazini wameniambia nisitoke, sheria iko upande wangu. Nisamehe, mzee wangu.”

Laiti angalinijibu kwa jeuri.

Adhuhuri Bwana Omari alinikuta msikitini. “Yakhe Maalim, ulikuwa ukingoja nini? Mtoto aote meno?” Wenziwe wakacheka. Kisha akaniinamia sikioni: “Toa mabati machache, useme unatengeneza. Kwa mvua hii watashuka wenyewe.”

Nilirudi nyumbani nikasimama uani, nikayatazama mabati kwa muda mrefu, nikapajua hata pahali ngazi ingeegemea. Juu mtoto alikuwa analia. Nikaingia ndani.

Kama ningelisema mapema, mwanamke aliyejifungua juzi angelibeba vyombo vyake kwenye mvua. Kwa kuwa sikusema, binti yangu hana nyumba. Nimeyapima haya tangu magharibi na sioni mlango wa tatu.

Ijumaa wanawake wa upande wa bwana arusi watakuja kupima chumba kwa ajili ya kitanda na mapazia. Mama Salma ameniuliza, “Wakija, tuwapandishe wapi?” Nikamwambia anywe chai yake. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Salma mwenyewe hajaniuliza neno. Amekaa akishona foronya, na nilipopita aliniondolea kitambaa njiani nisikikanyage.

Kesho, kabla wanawake hawajaja, nitakwenda mwenyewe kwa baba wa kijana. Yeye ni mtu wa maneno machache, nami maisha yangu yote nimewafundisha watu kusema kwa ufasaha. Sentensi ya kwanza siipati. Nitamwombaje arusi ingoje, naye akiniuliza ingoje mpaka lini, nimjibu nini?