Aliyeshona Bawa Ndiye Apandaye

Baba Salma, mume wangu,

Nimeswali alfajiri, nimekuombea, na sasa nimekaa mbele ya cherehani yako. Nakwambia wewe kwa sababu mwengine nikimwambia atanizuia. Leo nakwenda kupanda ndege. Naogopa, wallahi.

Unakumbuka ulivyokuja na habari ya kazi ile? Wewe fundi wa kanzu, unayejulikana Changamwe nzima, ukaniambia kuna mzungu kafungua karakana karibu na uwanja wa ndege wa Port Reitz, anaunda ndege ndogo za mbao na kitambaa, na anataka mshonaji. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikakuuliza, na mvua ikinyesha je? Ukanieleza kwa ule upole wako: kitani hushonwa kama foronya, bawa likavishwa, kikafungwa kwa uzi kwenye mbavu za mbao, kisha kikapakwa dawa ya kukikaza mpaka ukikigonga kinalia kama ngoma. Dawa yenyewe ilinuka ndizi mbivu. Ulirudi nayo mwilini kila jioni, na Salma akikupekua mifuko akidhani umemfichia ndizi.

Halafu ukanitajia desturi ya karakana: aliyeshona bawa ndiye anayepanda na rubani siku ndege inapojaribiwa. Mwenye karakana hakutaka mtu ashone huku akili yake iko sokoni. Hapo sikucheka tena.

Ndege ya kwanza ilikuwa na viti viwili tu. Ukapanda, ukarudi umejaa maneno. "Nimeiona nyumba yetu hapa Mikindani," ukasema, "na ile kanga yako nyekundu nimeiona kambani." Ya pili ikaja na injini ya nguvu zaidi, ikanunuliwa na daktari aliyekuwa akienda kutibu watu Lamu. Ukapanda tena, na kanga ukaiona tena.

Kumbe macho yako yalikuwa yameshaingia ukungu. Ulinificha mimi, mkeo, mpaka nilipokukuta unatunga uzi, unaulamba, unauchoma hewani pembeni ya sindano. Nikakunyang'anya. Tangu siku hiyo foronya za mabawa nilishona mimi, hapa nyumbani, mlango umefungwa, nawe kule karakana ukafunga mafundo kwa kupapasa. Tulichelea wakijua watakuachisha kazi.

Ya tatu ilikuwa ya viti vinne. Siku ya kuijaribu nilikufuata hadi uwanjani na buibui langu, nikakuvuta kando.

"Mshono ni wangu. Nipande mimi."

"Wakiniuliza kwa nini umepanda wewe, niwaambieje?"

"Basi tupande sote."

"Na tukianguka sote, Salma tumemwachia nani, Mama Salma?"

Ukapanda wewe. Nikasimama juani nikisikiliza injini, na kila ilipobadili sauti nilikumbuka mahali uzi uliponikatikia nikaunga. Uliposhuka ulikuwa unacheka. "Kanga yako inaonekana vizuri sana leo," ukaniambia.

Siku ile sikuwa nimeanika kitu. Nilikuwa juu ya mswala tangu alfajiri hadi nilipokufuata, na kanga yenyewe imo kwenye beseni la nguo chafu. Ndipo nilipojua kwamba huko juu ulikuwa huoni chochote, na maneno yote yale ulikuwa ukinitungia mimi nitulie.

Homa ilipokuchukua tukakuzika, ndege ya nne ilikuwa bado mifupa mitupu. Mwenye karakana alikuja kutupa pole, akauliza nani atashona sasa. Nikamwambia yule yule aliyekuwa akishona. Akanitazama, akaitazama cherehani.

"Desturi yetu unaijua, Mama Salma?"

"Naijua, bwana."

Wanunuzi siku hizi wanataka ndege za bati. Uhuru unakaribia, mafundi wenzako mjini wanashona bendera tu, na mwenye karakana anafunga arudi kwao. Hii ndiyo ndege yake ya mwisho ya kitambaa. Safari hii bawa lote ni langu, mshono na mafundo, sina wa kugawana naye lawama. Jana nilikwenda kuyapapasa mafundo nimefumba macho, kama ulivyokuwa ukifanya. Moja karibu na ncha nikalihisi limelegea. Nikamwita mwenye karakana, akalibonyeza kwa kidole gumba, akasema limekaza. Lakini yeye hapandi.

Salma nimempeleka kwa dada yangu Kisauni. Aliponiuliza nitamfuata lini, nikamwambia kabla ya adhuhuri, inshallah. Akanishika mkono hakutaka kuuachia. Sijui alinusa nini, mtoto huyu. Yeye ndiye anayenitia hofu kuliko bawa.

Kabla sijakaa kuandika nimeifua ile kanga nyekundu. Nimeianika kambani, nimeibana pande zote upepo usije ukaichukua. Nikifika juu sitalitazama bawa wala fundo. Nitaitafuta kanga. Nataka neno lako liwe kweli, japo mara hii moja.

Nasikia gari la karakana linanipigia honi nje. Kama Mungu amepanga tuonane leo, mume wangu, nipokee wala usiniulize habari za fundo lile.

Mkeo,
Mama Salma