Kahawa Niliyobeba Kutoka kwa Mzee Novati

Chonyonyo, Karagwe
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Mbeya, na ile baridi ya asubuhi isiwe imekurudishia kikohozi. Je, mdogo wangu Domi ameacha kulala na soksi za shule? Sisi huku hatujambo. Babu anakula vizuri, ila mguu wake wa kushoto bado unamsumbua akipanda shambani.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu Babu husikia kila neno. Na mimi unanijua, ningeishia kusema "hatujambo" tu.

Mama, uliponileta kusoma huku uliniambia Bibi Speciosa alirudi kwao, ng'ambo ya Mto Kagera, akafia huko. Sikuuliza zaidi. Lakini tangu nifike kuna jambo linanitisha. Kila nikiingia jikoni, Babu huniita kutoka uani: "Umeepua?" Hata kama ndiyo kwanza namenya ndizi. Hata siku ambayo sijawasha moto. Yeye jikoni haingii. Akisikia harufu ya chakula kinachoungua huondoka, akakaa huko migombani mpaka giza. Nikawa napika kimyakimya, kama vile kuna mtu mwingine ananisikiliza.

Shuleni, mwalimu wa Uraia alitupa swali la kuwasilisha: nchi ikitoka vitani, ianze na nini ili amani ikae? Wengine walisema uchaguzi, wengine mahakama, wengine serikali na waasi wagawane vyeo. Mimi nilikuwa nimesoma kila kitabu nilichopata maktaba. Nikasema ianze na tume, waliotenda waseme mbele ya watu walichotenda, mengine yafuate. Edgar, anayekaa nyuma, akapaza sauti: "Sasa wewe Maktaba, wakishasema, halafu aliyetendewa hayupo tena, nani atawasamehe?" Darasa likacheka. Nikakaa. Nikaliandika swali lake kwenye daftari.

Wiki hii, nikitoka shule, nilipita kwa mzee Novati, jirani yetu aliyekuwa kiongozi wa kitongoji. Alikuwa anageuza kahawa kwenye mkeka. Akaniita.

"Wewe ni mjukuu wa Speciosa. Unatembea kama yeye."

Sikuwa nimewahi kumsikia mtu wa hapa akilitaja jina hilo. Akanipa akamwani, ile kahawa ya kutafuna wanayompa mgeni, nikaitafuna kwa adabu. Nyingine akaifunga kwenye kipande cha jani kavu la mgomba. "Mpelekee babu yako."

Mama, mimi nimekulia mjini. Nilidhani ni zawadi tu.

Babu alipoiona hakuigusa. "Umekula mkononi mwake?"

"Ndiyo, Babu."

"Haya. Umeshakula."

Ndipo akanieleza. Walipokuwa vijana, yeye na mzee Novati waliapa udugu. Tunda moja la kahawa lina punje mbili. Kila mmoja alipaka punje damu yake, akampa mwenzake ameze. Miaka ikapita. Likaja agizo kwamba wageni wasio na karatasi warudi kwao, na Bibi, aliyevuka mto akiwa msichana akikimbia vita, hakuwa nazo. Siku hiyo Babu alikuwa mnadani. Aliporudi alikuta mlango wazi, chakula kinaungua jikoni, Bibi hayupo. Aliyewaonyesha askari nyumba alikuwa mzee Novati. Baadaye baraza la kata liliwasuluhisha, wakapeana mikono mbele ya watu, kikao kikafungwa. Tangu hapo hawajapeana kahawa, maana kuitafuna ni kukubali kwamba yamekwisha.

"Mrudishie," Babu aliniambia. "Mwambie kama ana la kusema, aje na mdomo wake."

Nilirudi nayo. Mzee Novati alinisikiliza, akavaa koti, akaichukua kahawa, akanifuata. Alisimama uani. Hakupewa kiti.

"Ni mimi niliwaonyesha," alisema. "Walikuwa wanauliza, nani mwingine hana karatasi? Na mama yangu alivuka mto huohuo, wewe unajua. Niliogopa watafika kwangu."

"Hilo nalijua. Nipe nisilolijua. Speciosa alisema nini?"

Mzee Novati akatazama jikoni. "Aliomba aingie aepue sufuria. Alisema utarudi na njaa. Nikamwambia hakuna muda."

"Nenda nyumbani, Novati. Nimesikia."

Kahawa aliyokuja nayo ilibaki juu ya kigoda. Nilifikiri Babu ataitupa, au ataitafuna. Asubuhi aliigawa mafungu mawili, akanipa moja.

"Siwezi kuitafuna peke yangu. Mimi nilimpoteza mke, mama yako alimpoteza mama. Siku ile tulipopeana mikono, mama yako hakuna aliyemuuliza."

Kwa hiyo, Mama, uvimbe ulio kwenye kona ya bahasha ndiyo kahawa hiyo. Fungu la Babu liko ndani, kwenye bakuli, na mzee Novati anajua. Kila akipita njiani hupunguza mwendo mbele ya nyumba yetu. Babu hakuniambia nikushawishi, na mimi sijui nikuombe nini. Uitafune au uirudishe, watasubiri. Kwenye daftari langu, chini ya swali la Edgar, bado sijaandika kitu.

Jana nilipika ndizi na maharage. Babu hakuniita. Alikuja mwenyewe mpaka mlango wa jikoni, akasimama anaitazama sufuria. Nikaiepua mbele yake.

"Asante, Speciosa," alisema.

Sikumsahihisha.

Nisalimie Domi, umwambie nimemwekea senene wa kukaanga. Nisalimie mama mdogo wa Tukuyu, na yule jirani yetu fundi cherehani aliyenishonea sketi za shule. Waambie bado zinanitosha.

Ni mimi binti yako, niliyeambiwa natembea kama mama yako,
Adelina