Maharagwe ya Lushoto Yamenyooka

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Nimeshinda, na nimeona wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Ulipotutoka ulituachia kopo la maharagwe ya Lushoto, yale uliyokuwa ukiyapanda kila mwaka kwenye kishamba chetu cha kukodi hapa ugenini, Stechford. Baridi ilipoisha nikayapanda, nikabakiza kiganja kimoja tu cha mbegu. Yalipoota, Mama, nililia. Majani yamejikunja kama ngumi, mashina yamepinda, hayatazamiki. Binti yako Zuhura akaja, akasema mbele ya mume wangu kwamba nina mkono mbaya, na mbegu za mama yake zimeishia kwangu. Unamjua wifi yangu akianza. Mwanao akanyamaza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikarudi peke yangu kuangalia. Kule pembeni, ambako samadi ya farasi haikufika, miche michache ilikuwa imesimama vizuri. Na samadi aliileta nani? Zuhura huyohuyo, magunia kwa magunia, kwa moyo mweupe kabisa.

Ningejaribu kwa maharagwe ya dukani, angesema hizo si mbegu za mama. Basi nikachukua kile kiganja cha mwisho, nikakigawa: nyingine kwenye vyungu vyenye samadi ile, nyingine kwenye udongo mtupu, zote pamoja kwenye dirisha la jikoni. Ungekuwepo ungenifukuza jikoni.

Za samadi zikatoka zimejikunja vilevile. Za udongo mtupu zikatoka zimenyooka, Mama, zimenyooka! Baadaye mwenye farasi akatuambia nyasi walizokula zilipigwa dawa ya kuua magugu. Kumbe dawa hiyo hupita tumboni mwa mnyama na bado ina nguvu zake.

Nikamwita Zuhura aone. Alikaa kwenye kiti chako akalia, nami nikalia naye, ila mimi nilikuwa nacheka pia. Mume wangu akaniomba radhi mbele yake.

Juzi tumeyala kwa nazi maharagwe ya miche ile iliyonyooka, na mbegu nimeshazitenga. Ningetoa chochote uwepo uonje.

Pumzika, Mama, Mungu akuweke pema. Nakuahidi maharagwe haya hayatakatika nikiwa hai. Mwakani Zuhura atapanda mstari wake mwenyewe, nami nitasimama nyuma yake nikimkosoa kila shimo, kama ulivyokuwa ukinikosoa mimi.

Mkweo,
Rehema