Mume Wangu Anaomba Radhi kwa Niaba ya Kila Mtu

Mshauri mpendwa, nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujacheka, maana hata mimi mwanzoni nilicheka. Mume wangu ni kasisi, mtu mpole, hanywi, hapigi, hana maneno, na nikilalamika watu wananiambia nakufuru, lakini maji yamenifika shingoni.

Ilianza na kitanda. Seremala wa mtaani kwetu, ambaye ni mzee wa kanisa, aliwatengenezea maharusi kitanda, kikavunjika katikati wiki ileile, na badala ya kwenda kukitengeneza akajifungia ndani kwa aibu, ndipo mume wangu akaenda kwa wale maharusi kuomba radhi kwa niaba yake, bwana harusi akamzaba kofi, halafu akajuta, wakalia wote wawili, mambo yakaisha. Mume wangu akarudi shavu limevimba na uso umechangamka kama mtu aliyepandishwa cheo. Jumapili akahubiri kwamba Mungu alipotaka kutupatanisha naye hakututumia salamu, alikuja mwenyewe, akavaa mwili unaoumia kama huu wetu, akawa kuhani na sadaka yeye mwenyewe, na kwamba kasisi naye kazi yake ni kusimama katikati na kubeba. Mahubiri yalikuwa mazuri. Mimi mwenyewe nilisema amina.

Tangu hapo sebule yangu imekuwa kama zahanati. Anakuja kinyozi aliyemkata mteja sikio, anakuja fundi bomba aliyejaza maji nyumba ya watu, anakuja kijana aliyemtukana mama mkwe wake, kila mmoja anaeleza kosa lake huku anakunywa chai yangu, halafu anarudi kwake kulala usingizi mnono, na mume wangu anavaa kola yake anakwenda kupiga magoti kwenye sakafu za watu. Mtaani wanamwita Bwana Niwie Radhi. Vitanda vya seremala, nikwambie tu, vinaendelea kuvunjika, na sasa hata haoni haya.

Nilimuuliza, "Baba, kama Bwana alikuja mwenyewe, mbona seremala haendi mwenyewe?" Akanijibu kwa upole, "Mama, ndiyo maana kuna makuhani."

Sasa sikiliza lililonifanya nishike kalamu. Mdogo wangu ni msusi, ana chumba kimoja chenye kioo na viti viwili, anaishi kwa vidole vyake. Dereva mmoja wa pikipiki, ambaye ndiye mpiga kinanda wa kwaya yetu, alipanda njia ya waenda kwa miguu akikwepa foleni, akamgonga, mkono wa kulia ukavunjika, ukafungwa plasta mpaka kiwikoni. Dereva akaja sebuleni kwangu. Alilia kweli, sisemi hakulia, akanywa chai, na mume wangu akamwambia, "Nenda kwa amani, kwake nitakwenda mimi." Nilimfuata nyuma kwa wasiwasi, nikamkuta ameshapiga magoti katikati ya vipande vya nywele bandia.

Mdogo wangu akamuuliza, "Shemeji, wewe ndiye uliyenigonga?"

"Hapana. Lakini kosa lake nimelibeba mimi."

"Umelibeba lote?"

"Lote."

"Basi chukua kitana. Yule mama pale ananisubiri tangu asubuhi."

Mshauri, alichukua kitana. Alinawa mikono kama anavyonawa akienda madhabahuni, akasimama nyuma ya yule mteja, akasuka. Sijui niseme nini kuhusu kichwa kile. Kilikuwa kama mkeka ulioanzwa na mtu mmoja ukamaliziwa na adui yake. Mteja alijitazama kwenye kioo, akajifunga kilemba akatoka, mdogo wangu akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na mume wangu akadhani huo ndio msamaha.

Jumapili akatangaza mbele ya kanisa zima kwamba jambo la yule dada limekwisha, watu wamepatana. Kinanda kikapigwa kwa furaha. Mdogo wangu alikuwa benchi la nyuma, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, akasimama akatoka, hajarudi tena kanisani, simu zangu hapokei, na mchele niliompelekea kwa mkono wa jirani ameurudisha.

Nikamwambia mume wangu, "Umemkosea mdogo wangu. Nenda ukamwombe radhi." Akaichukua kola yake, akaniuliza, "Kwa niaba ya nani?"

Hakuwa anatania. Naomba msaada wako, na kama inawezekana wapigie simu, yeye na mdogo wangu, uwaambie wewe, maana mimi wote wawili nawaogopa.

Ni mimi,
Mke wa Kasisi

MSHAURI ANAJIBU

Mke wa Kasisi, nimekusoma mpaka mwisho, na nimecheka ulipofika kwenye kichwa cha yule mteja, mnisamehe, wewe na yeye. Baada ya hapo sikucheka.

Pole sana. Mumeo si mtu mbaya. Ni wangapi wangeshika kitana? Pale alilikaribia kabisa analolihubiri, aliacha maneno akatia mikono. Lakini kuna mahali amejichanganya. Kristo alibeba dhambi za watu akiwa hana hata moja ya kwake. Mumeo anazo. Kuhani wa zamani, kabla hajaigusa sadaka ya watu, alianza kwanza na ya kwake, kwa makosa yake mwenyewe. Muulize mumeo ya kwake aliitoa lini. Mtu anayeambiwa amekosea akauliza ni kwa niaba ya nani, huyo amezibeba dhambi za mtaa mzima mpaka zimemficha zake.

Na msalaba haukusimamishwa ili madereva wasibishe hodi kwa waliowagonga. Yule mtoza ushuru mfupi aliyepanda mti, Bwana aliingia kwake akala naye, hakuzunguka mji mzima akimwombea radhi nyumba kwa nyumba. Aliyesimama na kusema "nitarudisha" ni mtoza ushuru mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe. Msamaha ulimpa miguu. Huo wa sebuleni kwako unawapa watu usingizi. Mtu aliyesamehewa na bado hawezi kumtazama machoni aliyemuumiza, bibi wee, huyo amepewa chai tu.

Sasa nije kwako, usidhani nimekusahau. Unamlaumu mumeo kwa kwenda badala ya watu, na wewe mchele umemtwika jirani, maneno umenitwika mimi. Mdogo wako wa tumbo moja, mkono umevunjika, wewe unamwogopa! Nani anamfulia? Nani anamfunga vifungo? Nani anamchana nywele, yeye aliyechana za mtaa mzima? Simpigii mtu simu.

Dereva akija tena, chai usimpe. Mumeo amshike mkono waende wote, wasimame mlangoni kwa mdogo wako, dereva aseme, mumeo anyamaze. Kazi ya kuhani ni kuwaleta watu mbele, si kuwaficha nyuma ya kanzu. Dereva huyo, kwa pikipiki hiyohiyo, kwa mwendo wa pole, awe anampeleka mgonjwa hospitali na kumrudisha mpaka plasta itoke, na kodi ya kile chumba cha kusukia aitafute yeye. Tangazo la Jumapili lifutwe palepale lilipotolewa, na mumeo siku hiyo aseme "mimi nimekosea", asiseme "sisi". Mdogo wako akichelewa kusamehe, mwacheni achelewe. Mkono ni wake.

Lakini hayo yatafuata. Wewe unaanza leo. Gazeti hili lenye barua yako na jibu langu liache mezani, mumeo ana macho. Chukua beseni na sabuni, nenda kwa miguu yako. Ukikuta mlango umefungwa, kaa kizingitini, usipige simu, usimwite jirani. Akifungua akakuuliza umetumwa na nani, mwambie hujatumwa.